Maswali Yenu: Kusomea shahada ya maabara England huku ukiwa kazini

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: uanagenzi wa ngazi ya shahada kwa wanaotaka kuwa wanasayansi wa biomedikali, yaani wale wataalamu wa maabara za hospitali wanaopima damu, tishu na vijidudu. Majibu yetu yanahusu England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao za kugharamia mafunzo, ingawa daftari la usajili ni moja kwa Uingereza nzima. Viwango vya fedha ni vya mwaka 2025/26.

Binti yangu anamaliza A-level na alishajipanga kwenda chuo kikuu kusoma sayansi ya biomedikali. Sasa shuleni wamemwambia anaweza kuajiriwa na hospitali, akasoma huku analipwa. Mimi nikisikia uanagenzi naona gereji na useremala. Hiyo ni shahada kweli au ni kifuta machozi?
*Mama wa watatu, Leicester*

Ni shahada kweli, mama. Inatolewa na chuo kikuu, ni ngazi ya 6 sawa na shahada nyingine yoyote ya kwanza, na siku ya mahafali joho ni lile lile. Tofauti ni nani anamlipa nani. Mwanafunzi wa kawaida England analipa ada ya hadi pauni 9,535 kwa mwaka, na wengi huikopa. Mwanagenzi halipi ada hata senti. Inatoka kwenye tozo ya uanagenzi, ambayo tangu Aprili 2017 mwajiri yeyote mwenye jumla ya mishahara inayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka anakatwa asilimia 0.5. Hospitali kubwa za NHS, huduma ya afya ya umma, zote zinakatwa, na fedha hiyo isipotumika kwa mafunzo ndani ya muda uliowekwa inapotea. Ndiyo maana zinatafuta wanagenzi.

Ila asidhani ni njia ya mkato. Mwenzake wa chuo ana likizo ndefu ya kiangazi. Binti yako atakuwa na siku za likizo za mfanyakazi. Mwenzake akifeli somo anarudia mtihani tu. Yeye akifeli, mwajiri naye ana la kusema. Atakuwa maabara siku nne, darasani moja, na kazi za chuo zitamsubiri Jumamosi. Kuna vyuo vinavyofundisha kwa vipindi vya wiki nzima nzima badala ya siku moja kila wiki, na hilo lina maana kubwa kama chuo kiko mbali na nyumbani.

Jambo jingine: haombi kupitia mfumo wa kawaida wa vyuo. Anaomba kazi kwanza, na mwajiri ndiye anayempeleka chuoni. Matangazo yapo kwenye tovuti ya ajira za NHS na kwenye tovuti ya serikali ya kutafuta uanagenzi. Nafasi ni chache, na nyingine hutolewa kwa watumishi waliomo ndani tayari. Kwa hiyo asiiachie nafasi yake ya chuo kikuu mpaka awe na barua ya kazi mkononi. Vigezo vya kawaida ni biolojia au kemia kwenye A-level, au stashahada inayolingana nayo, pamoja na GCSE za Kiingereza, hisabati na sayansi kwa daraja la 4 au zaidi.

Nimeona matangazo mawili. Moja linasema "uanagenzi wa Healthcare Science Practitioner", jingine linataja sayansi ya biomedikali. Yote ni maabara, yote ni shahada. Nichague lipi?
*H. S., Birmingham*

Swali hili ndilo tungependa kila mmoja aulize kabla ya kusaini chochote. Nchini Uingereza jina "biomedical scientist" linalindwa na sheria. Huwezi kujiita hivyo kwa sababu una shahada. Unajiita hivyo kwa sababu jina lako limo kwenye daftari la HCPC, baraza linalosajili taaluma za afya. Kulitumia bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Kwa hiyo usiulize kama utapata shahada, maana utaipata. Uliza: siku ya mwisho ya mafunzo haya, nitakuwa na haki ya kuomba usajili wa HCPC kama mwanasayansi wa biomedikali, ndiyo au hapana?

Healthcare Science Practitioner ni jina la kiwango cha uanagenzi chenye matawi mengi. Ndani yake wamo wanaopima moyo, wanaopima usikivu wa masikio, na wa maabara pia. Kwa hiyo tangazo lenye jina hilo linaweza kuwa ndilo unalolitaka, au linaweza kukupeleka kwenye daftari la hiari la AHCS, taasisi ya taaluma za sayansi ya afya. Daftari hilo lina heshima yake, lakini si la HCPC na halikupi jina lile. Usiishie kwenye kichwa cha tangazo. Tafuta tawi linaloitwa sayansi za uhai, kisha ufanye ukaguzi huu.

Kwanza, fungua orodha ya programu zilizoidhinishwa kwenye tovuti ya HCPC, utafute jina la chuo na jina kamili la shahada. Likiwamo, mhitimu anaomba usajili moja kwa moja. Lisipokuwamo usikate tamaa, nenda hatua ya pili: tazama kama shahada ina ithibati ya IBMS, taasisi ya taaluma yenyewe iliyoanzishwa mwaka 1912. Shahada yenye ithibati ya IBMS peke yake haitoshi kusajiliwa. Lazima pia ukamilishe jalada la mafunzo ya usajili, yaani mkusanyiko wa ushahidi wa kazi zako, ndani ya maabara iliyoidhinishwa na IBMS kwa mafunzo, ukapewa Cheti cha Umahiri, ndipo uende HCPC. Tatu, basi, ni kumuuliza mwajiri: maabara yenu ina idhini hiyo ya mafunzo? Idhini ya UKAS, shirika linalothibitisha maabara, chini ya kiwango cha ISO 15189 ni jambo lingine kabisa. Hiyo ni ya ubora wa vipimo, na watu huzichanganya sana.

Nne, na hapa ndipo tumeona wengi wakinaswa: jalada limo ndani ya miaka ya uanagenzi au linaanza baada yake? Kuna anayemaliza shahada safi kabisa, akabaki kwenye daraja la msaidizi akingoja nafasi ya kuanza jalada, kwa sababu hakuna aliyeliandika kwenye mpango wa mafunzo. Omba jibu kwa maandishi. Mwajiri aliyejipanga atakujibu kwa barua pepe ya mistari mitatu. Akianza kuzungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Mshahara wenyewe ni kiasi gani?
*Kijana wa Coventry*

Inategemea mwajiri, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sheria inaweka sakafu tu: kiwango cha mwanagenzi ni pauni 7.55 kwa saa kuanzia Aprili 2025, kwa aliye chini ya miaka 19 au aliye katika mwaka wake wa kwanza. Mwaka wa kwanza ukiisha na umefika miaka 19, unastahili kima cha chini cha umri wako: pauni 10.00 kwa wa miaka 18 hadi 20, pauni 12.21 kwa wa 21 na kuendelea. Wapo wanaosahau kupandishwa siku hiyo ikifika. Iandike kwenye kalenda.

NHS nyingi zinalipa zaidi ya sakafu. Baadhi humweka mwanagenzi kwenye daraja la 3 au la 4 la mishahara. Nyingine hutumia kiambatisho cha 21 cha mkataba wa mishahara, kinachokulipa asilimia ya kilele cha daraja utakalofikia ukihitimu. Mhitimu aliyesajiliwa huanzia daraja la 5, ambalo mwaka 2025/26 ni kati ya pauni 31,049 na 37,796 nje ya London. Kwa mafunzo ya miaka mitatu hesabu inakuja hivi: asilimia 65 ya kilele mwaka wa kwanza, karibu pauni 24,567, asilimia 70 mwaka wa pili, karibu pauni 26,457, asilimia 75 mwaka wa mwisho, karibu pauni 28,347. Kabla ya makato, lakini.

Ukiambiwa usaini kwamba ukiondoka kabla ya kumaliza utarudisha gharama za mafunzo, simama hapo. Kanuni za ufadhili wa uanagenzi haziruhusu mwajiri kumdai mwanagenzi gharama hizo, hata akiacha njiani.

Nina shahada ya sayansi ya maabara kutoka nyumbani, na hapa nafanya kazi kama msaidizi wa maabara, daraja la 3. Meneja amesema niombe uanagenzi nianze upya. Miaka mitatu tena, jamani?
*Dada wa Reading*

Dada, usianze upya kabla ya kujua unacho nini tayari. Fedha ya uanagenzi hailipii kitu ambacho mtu anakijua. Sharti ni kwamba mafunzo yakupe ujuzi mpya wa kutosha, na chuo kinalazimika kupima ulichokwisha kusoma na kukipunguza kwenye muda na gharama. Ukiwa na shahada ya somo lile lile, huenda ukakataliwa kabisa, na meneja wako akashangaa kwa nini.

Kuna njia mbili zinazokufaa zaidi. Kama ulihitimu na ukafanya kazi kama mtaalamu kamili huko utokako, HCPC ina njia ya maombi ya kimataifa: wanalinganisha mafunzo yako na uzoefu wako na viwango vyao vya umahiri, na pengo likionekana wanaweza kudai upimwe au uongeze mafunzo. Andaa mihtasari ya masomo yako yote na saa za vitendo. Nakala ya matokeo peke yake haiwaelezi ulijifunza nini ndani ya somo, na hapo ndipo maombi mengi hukwama.

Njia ya pili ni kupeleka shahada yako IBMS wakaitathmini. Wakiona pungufu watakutajia moduli za kujazia, mara nyingi ni chache na zinasomwa ukiwa kazini, kisha unaanza jalada la usajili. Kwa mtu ambaye yumo ndani ya maabara yenye idhini ya mafunzo, hiyo kwa kawaida ni fupi kuliko uanagenzi. Mwambie meneja kwa upole kwamba hata yeye itamgharimu muda mdogo.

Mimi niko hapa kwa viza ya utegemezi, mume wangu ni mwuguzi. Nina miezi minane nchini. Naweza kuomba?
*Bi. Z., Luton*

Kuomba kazi unaweza kama viza yako inaruhusu kazi, na ya utegemezi kwa kawaida inaruhusu. Kikwazo ni ufadhili: kwa asiye raia, kanuni ya jumla ni kuwa umeishi Uingereza kihalali miaka mitatu mfululizo kabla ya siku ya kuanza mafunzo. Miezi minane haijatosha. Mwenye viza ya mwanafunzi ndiye hana pa kupitia, kwa sababu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula haziendani na ajira ya uanagenzi. Kwa sasa tafuta kazi ya msaidizi wa maabara, daraja la 2 au la 3. Miaka hiyo itahesabika, na wakati wa usaili utazungumza kama mtu anayejua kwa nini sampuli hukataliwa.

Niko mwaka wa pili. Jalada langu lina kurasa zaidi ya 400 na afisa mafunzo amelirudisha akisema "sikuoni humu". Nimeweka taratibu zote za maabara, vyeti vyote, chati zote. Anataka nini?
*Mwanagenzi, Kent*

Anataka ushahidi kwamba ni wewe, mdogo wetu. Taratibu za maabara zinathibitisha kwamba maabara inazo taratibu. Chati ya udhibiti wa ubora inathibitisha kwamba mashine ilikuwa na siku njema. Viwango vya umahiri vya HCPC, ambavyo toleo lake jipya lilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2023, vina vichwa 15, na karibu vyote vinaanza na wazo kwamba mtu fulani anaweza kufanya jambo fulani na kulieleza. Ushahidi mzuri unajibu: niliona nini, nilifikiri nini, niliamua nini, kwa nini, na ingekuwaje kama ningeamua vinginevyo.

Chukua mfano wa kila wiki kwenye biokemia. Sampuli ya mgonjwa wa nje inatoa potasiamu ya 8.9 ilhali kawaida ni takriban 3.5 hadi 5.3. Jibu la namna hiyo likiwa la kweli, moyo wa mgonjwa uko hatarini na daktari anapigiwa simu sasa hivi. Mwanagenzi wa kurasa 400 ataweka nakala ya utaratibu wa kupiga simu. Mwanagenzi anayeonekana ataandika hivi: nilitazama kwanza kipimo cha hemolisisi, kwa sababu chembe nyekundu zikipasuka humwaga potasiamu, kilikuwa chini. Nikatazama majibu ya juzi: potasiamu 4.2. Nikatazama kalsiamu ya sampuli hiyo hiyo: 1.1, wakati kawaida ni kama 2.2 hadi 2.6, na fosfatasi ya alkali, kimeng'enya cha kwenye damu, nayo imeporomoka. Hapo picha ikakamilika. EDTA ya kwenye chupa ya kofia ya zambarau ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kunasa kalsiamu ili damu isigande. Mtu ametoa damu kwenye chupa ya zambarau kwanza, au ameimimina kutoka huko kwenda kwenye chupa ya kofia ya dhahabu. Sikutoa jibu. Nilimwita mwanasayansi aliyesajiliwa, tukakubaliana, nikapiga simu kuomba sampuli mpya na kueleza mpangilio wa chupa.

Ukurasa mmoja huo unagusa usalama wa mgonjwa, mipaka ya kazi yako (hukuamua peke yako), mawasiliano, kumbukumbu, na ujuzi wa sayansi yenyewe. Tukio moja, viwango vitano au sita. Ndivyo jalada linavyopungua kutoka kurasa 400.

Kwenye maabara ya kuganda kwa damu, mfano wako unaweza kuwa chupa ya kofia ya buluu iliyojazwa nusu. Uwiano unaotakiwa ni sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti, kizuia mgando kilichomo kwenye chupa, kama mililita 2.7 kwa 0.3. Damu ikipungua, sitreti inazidi, inanasa hata kalsiamu tunayoiongeza ili kuanzisha mgando, na muda wa kuganda unarefuka bila ugonjwa wowote. Wodi itakuuliza kwa nini umeitupa sampuli "nzuri". Andika ulivyowajibu.

Kwenye uongezaji damu andika habari ya lebo: jina, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya utambulisho, vyote vifanane na fomu, herufi kwa herufi. Kosa dogo na sampuli inakataliwa, hata wodi ikiomba vipi. Eleza pia kwa nini tunataka sampuli mbili zilizochukuliwa nyakati tofauti kabla ya kutoa damu ya kundi la mgonjwa asiye na kumbukumbu kwetu: kwa sababu damu ya mtu mmoja ndani ya chupa yenye jina la mwingine haionekani kwa macho wala kwa mashine. Inaonekana tu pale makundi mawili yanapopingana.

Sasa makosa madogo yanayorudisha majalada. Jina la mgonjwa likifutwa kwa kalamu nyeusi bado linasomeka ukiinua karatasi kwenye mwanga. Futa, toa nakala ya nakala, kisha uchane ile ya kwanza. Namba ya maabara nayo ni utambulisho. Sahihi isiyo na tarehe haina thamani. "Tulifanya" haisemi nani alifanya. Na ushahidi ulioandikwa miezi sita baadaye hunuka. Andika ndani ya wiki ile ile, wakati bado unakumbuka ulikosea wapi, na usiogope kuandika ulipokosea. Mhakiki akikuta jalada lisilo na kosa hata moja, atakuuliza maswali zaidi.

Mkataba unasema nina siku moja ya masomo kila wiki. Wiki tatu sasa siku hiyo nimeitwa benchi la maabara kwa sababu watu wameumwa. Nikikataa naonekana mkorofi.
*Amechoka, London*

Mafunzo nje ya kazi si hisani. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa asilimia 20 ya saa za kazi. Agosti 2022 kikawekwa wastani wa angalau saa 6 kwa wiki. Na kwa wanaoanza tangu Agosti 2025 kila kiwango cha uanagenzi kina idadi yake ya saa iliyotangazwa. Idadi yako imo kwenye mpango wa mafunzo uliosainiwa na watu watatu: wewe, mwajiri na chuo. Ni masharti ya fedha. Saa zisipofikiwa, chuo kinaweza kudaiwa kilicholipwa, kwa hiyo kwenye ugomvi huu una mshirika mwenye sababu zake mwenyewe.

Usianze na barua ya malalamiko. Anza na daftari la saa: tarehe, ulichojifunza, muda. Siku iliyochukuliwa iandike pia, pamoja na aliyekuita. Kisha uombe siku hizo zirudishwe kwa tarehe maalumu: "Jumatano tatu zimepotea, naomba Alhamisi hizi tatu za mwezi ujao." Meneja wa zamu hawezi kukataa kwa urahisi ombi lenye tarehe. Ikishindikana, lipeleke kwenye kikao cha mapitio cha watu watatu, ambacho chuo hukiitisha kila baada ya wiki kadhaa. Kujifunza mashine mpya ukiwa na mkufunzi, saa za kazi, kunahesabika. Kuendesha mashine ile ile unayoijua hakuhesabiki, hata kukiitwa "mafunzo" kwenye ratiba.

Mhakiki wa nje anakuja mwezi ujao. Nijiandae vipi?
*J. M., Bristol*

Kama njia yako ni ya Cheti cha Umahiri, mhakiki atasoma jalada, atakutaka umtembeze maabara wewe mwenyewe, na atakuhoji. Wengi hujiandaa kwa mahojiano na kusahau matembezi, na matembezi ndiyo yanayowaangusha. Mtembeze kwa kufuata sampuli: inapokelewa wapi, nani anaikagua, inaingiaje kwenye sentrifuji, mashine gani, jibu linahakikiwa na nani, linatoka vipi. Kila kituo sema jambo moja linaloweza kuharibika na kinachozuia. Ukifika kwenye jokofu la damu, taja nyuzi 2 hadi 6 na ueleze kengele ikilia nani anachukua hatua gani. Ukipita kwenye kisanduku cha chembe sahani, eleza kwa nini ziko kwenye nyuzi 20 hadi 24 na kwa nini zinatikiswa. Kwenye histolojia, idara ya kuchunguza tishu, eleza kwa nini fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa tishu, na kipande cha mikroni 3 hadi 5 kinaonyesha nini ambacho kinene hakionyeshi.

Akikuuliza usilolijua, sema hujui na useme ungemwuliza nani au ungetazama wapi. Huo wenyewe ni umahiri: kujua mpaka wako. Aliyebahatisha mbele ya mhakiki anatia shaka kwamba atabahatisha na zamu ya usiku, akiwa peke yake. Na fanya mazoezi ya matembezi na mtu wa idara nyingine. Wa idara yako atakusaidia bila kujua.

Sitofautishi vizuri nyekundu na kijani. Nimekwisha kabla ya kuanza?
*Bila jina*

Hapana. HCPC haina orodha ya maradhi yanayomfungia mtu mlango. Inachotaka ni ufanye kazi kwa usalama ndani ya uwezo wako. Maabara nyingi hupima uoni wa rangi wakati wa uchunguzi wa afya kazini, kwa hiyo litajulikana tu. Kwenye biokemia na hematolojia mashine ndizo zinazosoma rangi kwa sehemu kubwa. Ugumu uko kwenye madoa ya Gram, yaani rangi za kutofautisha bakteria, ambako bakteria wa zambarau na wa waridi ni habari mbili tofauti za matibabu, na kwenye slaidi za histolojia. Wapo wanaofanya kazi hizo kwa kusoma umbo na mpangilio wa seli, na kwa mtu wa pili kuthibitisha. Mwambie afisa mafunzo kabla hajapanga mzunguko wako wa idara, ili benchi la mikrobiolojia upangiwe wiki ambazo mthibitishaji wako yuko zamu.